Maazimio ya Wataalamu wa Ulevi Yafike Zahanati

Mwaka 1884 Daktari Norman Kerr aliunda mjini London chama cha wataalamu waliokataa kumhesabu mlevi kuwa mkosaji tu. Kwao alikuwa mgonjwa astahiliye tiba. Mwaka 1954 Daktari Ruth Fox akaanzisha chama cha namna hiyo mjini New York. Leo vyama hivyo vimeenea, navyo havikosi mikutano, majarida na maazimio.

Hapana ubaya. Lakini mkutano wa waganga hupimwa kwa mgonjwa, si kwa wingi wa makabrasha (wala wa posho). Methadoni ni ushahidi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walitangaza matokeo yake huko Marekani mwaka 1965: mraibu wa heroini anywapo kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu, arosto humwachia, naye hupata nafasi ya kurudi kazini na kwa jamaa zake. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Miaka 46! Heroini yenyewe haikungoja kiasi hicho kufika vijiweni Dar es Salaam na Unguja.

Hivyo wajumbe warudipo mikutanoni, ni haki waulizwe wamemletea nini muuguzi wa zahanati, na mwalimu ambaye mwanafunzi wake husinzia darasani kila asubuhi. Ripoti ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini haiwafai hao. Ifupishwe kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu, ifike wilayani kabla mjumbe hajaidhinishiwa masurufu ya safari nyingine.