Kijana anapoomba cherehani ya mama ashone viti vya gari

Katika nyumba nyingi cherehani iliyoko sebuleni ni ya mama, na si pambo. Inashona sare za shule, inapunguza suruali za majirani, na mwisho wa mwezi inasaidia kulipa umeme. Ndiyo maana kijana aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kuitumia kujifunza kushona viti vya gari, jibu la haraka huwa ni hapana. Mama anaihofia mashine yake. Baba anaona ni fedha za leza na uzi zinazokwenda kupotea.

Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kukataa moja kwa moja kunaweza kumnyima kijana ufundi unaohitajika. Magari mengi yaliyopo mitaani yaliingia nchini yakiwa yametumika, na viti vyake vinaendelea kuchakaa kwa jua na jasho. Bodaboda na bajaji ndiyo usiseme, kiti hakimalizi muda kabla hakijachanika. Badala ya kukataa, familia inaweza kuweka masharti.

Aanze kwa kufumua

Sharti la kwanza ni kutogusa gari la mtu. Kijana atafute kava kuukuu la kiti cha bodaboda, au la kuegemeza kichwa kwenye gari, alifumue polepole kwa wembe. Humo ndimo darasa lilimo. Kabla ya kukata uzi, apige picha kwa simu pande zote, aandike namba kwenye kila kipande kwa chaki, achore mshale wa kuonyesha mbele, na aweke alama zinazovuka mshono ili ajue kipande kipi kilikutana na kipi na wapi. Asiyefanya hivyo hubaki na vipande sita mezani visivyojulikana juu wala chini.

Vipande hivyo avichore kwenye boksi gumu, akate, na boksi hilo ndilo liwe kipimo chake. Jaribio la kwanza lishonwe kwa shuka kuukuu. Kosa kwenye shuka halina gharama, ila leza ikishakatwa vibaya hairudi.

Leza si kitenge

Mama anayejua kushona nguo ana mengi ya kumfundisha mwanawe, lakini leza ina tabia zake. Tundu la sindano halizibiki. Pini zinazoshikilia kitambaa huacha alama ya kudumu, hivyo vibanio vya kuanikia nguo vinafaa zaidi. Mshono nao usiwe wa karibu karibu kama wa blauzi, kwa sababu matundu yaliyosongamana huifanya leza ichanike kama stempu. Milimita 4 hivi kati ya tundu na tundu zinatosha.

Uzi wa pamba uachwe kwenye nguo, maana juani huoza. Wa polyesta hudumu zaidi. Sindano iwe namba 16 au 18, nene kuliko ile ya 14 iliyozoeleka kwa sare. Leza ikinata chini ya mguu wa cherehani, kipande cha karatasi laini juu yake husaidia, kisha huchanwa kazi ikiisha.

Cherehani ya kawaida huweza kupitisha tabaka mbili za leza bila shida kubwa. Kwenye kona nene, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Mashine ikinguruma, ikiruka mishono au ikivunja sindano, kijana asimame, asiilazimishe. Kazi ya tabaka nne, au yenye kamba ndani ya mshono, ni ya mashine kubwa za mafundi wa viti. Ni nafuu kumlipa fundi wa mtaani ashone kona hizo kuliko kuitengeneza cherehani inayolisha nyumba. Kila jioni kijana aifute vumbi, aitie mafuta na airudishie sindano ya mama.

Pasipoguswa

Jambo moja halina mjadala. Viti vya mbele vya magari mengi vina mfuko wa hewa ubavuni, unaofumuka gari likigongwa. Kitambulisho chake ni kilebo chenye maandishi "SRS AIRBAG" upande wa kiti unaotazama mlango. Mshono wa hapo umetengenezwa kwa makusudi uachie haraka. Ukishonwa upya kwa uzi imara, au ukifunikwa kwa kava lisilo na nafasi, mfuko unaweza kushindwa kutoka siku unayohitajika. Anayejifunza nyumbani asifumue kiti hicho, na asivute waya wa njano ulioko chini yake. Hata cha nyuma kikaguliwe kwanza. Mkanda wa usalama nao haukatwi wala haushonwi.

Ndani ya nyumba, wembe na sindano vihesabiwe kabla ya wadogo kuingia chumbani. Gundi ya kubandikia sponji hushika moto na harufu yake inalevya, hivyo ipakwe nje, mbali na jiko.

Fedha na heshima ya kazi

Familia ikubaliane mapema nani ananunua leza na uzi, na kazi ngapi zitakuwa za mazoezi. Anko mwenye gari si mteja wa kwanza mzuri. Kazi ikiharibika atanyamaza usoni, kisha atasema kwenye kikao cha ukoo. Kiti cha bodaboda cha jirani kinafaa zaidi. Ni kidogo, kava lake limebanwa kwa pini kwenye kibao cha plastiki, na jirani akilipia malighafi mwenyewe hakuna anayemdai mwenzake.

Kijana akifikia kushona viti vinavyokaa, mzazi asimwache abaki fundi wa uani milele. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa na kupewa cheti. Kwenda kuuliza katika chuo cha karibu iwapo fani yake inapimwa ni nauli tu, na ni vizuri mzazi akaongozana naye.