Kabla ya kulipa ada

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako kuhusu kusoma chuo ukiwa nyumbani, naomba ruhusa niongeze jambo moja ambalo kwa dhana yangu ndilo msingi wa mengine yote, nalo ni itifaki ya nyumbani, yaani makubaliano na jamaa. Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiasisiwe kwa sheria ya mwaka 1992, watu wazima wenye kazi na ahali wamepata fursa ya kutafuta ilimu pasi na kuhama makwao, wala si ajabu leo kumkuta mwalimu wa shule ya msingi hapa Dunda, Bagamoyo, akipakua mihadhara usiku wa manane, wakati bando ni rahisi, akiihifadhi simuni ili kesho umeme ukikatika asome vivyo hivyo. Lakini bando halimfai mtu ambaye jamaa zake hawajui kwamba saa mbili hadi saa nne za usiku yumo darasani. Basi kabla ya kulipa ada, na awakalishe wote, wakubaliane kwamba saa hizo hatumwi dukani wala haitwi kupokea wageni.