Madigadi ya nyuma si pambo la pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni kutengeneza madigadi ya nyuma ya pikipiki au skuta baada ya kugongwa kidogo.

Huku vijijini pikipiki ndiyo gari letu. Ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati usiku, ndiyo inayobeba mahindi kwenda mashineni, na sisi walimu tunaokaa mbali huitegemea ili kuwahi kengele ya asubuhi. Mwaka 2010 zilipotolewa kanuni za leseni ya usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, bodaboda ilitambuliwa rasmi kuwa kazi ya kubeba abiria. Lakini zipo pikipiki zinazobeba abiria kila siku hali hazina madigadi ya nyuma. Ukimwuliza dereva atakujibu, "Iligongwa kidogo tu, mwalimu. Mashine ni nzima."

Hapo ndipo nisipokubaliana naye. Katika pikipiki nyingi madigadi ya nyuma ndiyo inayoshika taa ya nyuma, taa ya breki, indiketa na kibao cha namba. Ikivunjika na kung'olewa, vitu hivyo hubaki vikining'inia kwa waya au hutupwa kabisa. Injini inanguruma vizuri, lakini aliye nyuma yako usiku hakuoni, na ukishika breki hana habari. Wakati wa mvua tairi huchota tope na kokoto na kumrushia abiria mgongoni, pamoja na mtoto wa shule anayetembea kando ya barabara.

Sababu ya pikipiki kukaa hivyo miezi na miezi si ukosefu wa mafundi. Sababu ni mabishano ya nani alipe. Tajiri anasema, "Wewe ndiye uliyekuwa nayo." Dereva anasema, "Chombo ni chako." Bima ndogo ambayo wengi wanayo ni kwa ajili ya mtu mwingine aliyedhurika, haitengenezi chombo chako mwenyewe. Tena pikipiki ikilala kwa fundi siku moja, tajiri anadai hesabu ya siku ile vile vile. Basi dereva anaona heri aing'oe madigadi, aifunge taa kwa mpira wa tyubu, arudi kijiweni. Anaogopa kunyang'anywa chombo, na nyumbani watoto wanamngojea.

Kazi yenyewe si kubwa ikifanywa mapema. Kwanza fundi atazame kama fremu chini ya kiti haikupinda, tairi linazunguka sawa na waya za taa hazikuchunika. Ikiwa madigadi ni ya bati na imebonyea tu, ifunguliwe, iegemezwe kwenye gogo na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira. Palipopasuka pachomelewe ikiwa imefunguliwa, mbali na tangi la petroli, kisha papakwe rangi ya kuzuia kutu. Skuta za Vespa, zilizoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, ni tofauti kidogo. Bodi yake ya bati ndiyo fremu na ndiyo madigadi ya nyuma, kwa hiyo pigo la nyuma ni kazi ya fundi wa bodi, si ya kunyoosha kwa jiwe.

Ikiwa madigadi ni ya plastiki, fundi atoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee mbele. Halafu aushone kwa waya mwembamba, au aunge kwa moto kwa kutumia plastiki ya aina ile ile. Mara nyingi aina yake huonyeshwa na herufi zilizopigwa upande wa ndani, kama PP au ABS. Plastiki ya PP haishiki gundi ya kawaida, na ndiyo maana wengine hugundisha leo na keshokutwa ufa umerudi. Pakiwa pamekatika pale penye bolti, hapo pasishonwe, bali inunuliwe nyingine. Kazi ikiisha, watu wawili wakae juu ya kiti ili ionekane kama tairi haligusi madigadi shokapu zinapobonyea. Mtu wa tatu asimame nyuma aangalie taa zote zinawaka, na ya breki ijaribiwe kwa mkono na kwa mguu.

Wapo watakaosema askari wa usalama barabarani wawatoze faini madereva hawa. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na mimi siipingi. Lakini faini peke yake haiwashi taa. Dereva akishalipa faini, fedha ya madigadi ndiyo imekwenda, na jioni utamwona barabarani vile vile.

Kwa hiyo natoa ushauri kwa pande tatu. Matajiri waandike katika mkataba, tangu siku ya kwanza, nani atalipa matengenezo madogo, na siku ambayo pikipiki iko kwa fundi wasidai hesabu. Hesabu ya siku moja haiwezi kulingana na bei ya pikipiki nzima, wala na uhai wa mtu. Viongozi wa vijiwe wasimruhusu mwenzao kupakia abiria baada ya jua kuzama kama taa ya nyuma haiwaki, hata akiwa rafiki yao. Nasi abiria tuwe na desturi ya kuzunguka nyuma na kutazama kabla ya kupanda. Tumezoea kuuliza nauli tu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa madigadi unazibwa kwa waya na saa chache za fundi. Mtu aliyegongwa gizani kwa sababu taa haikuwapo, hakuna fundi wa kumrudisha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.