Mauser ya 1871 si gobole

Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 si gobole, na hoja iliyochapishwa kuiita hivyo inapotosha wakusanyaji. Gobole hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Mauser hii hupokea risasi moja ya milimita 11 kwa nyuma. Komeo la chuma husukumwa mbele, mkono wake ukalazwa kulia, nalo limefunga. Dosari yake ya kweli ni moshi: baruti nyeusi iliwafichua askari wa jeshi la Wajerumani katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Hata hivyo, walioshindwa na kurudi melini ni wa upande wa Waingereza. Ushauri wa hoja hiyo wa kusugua singe ya bunduki hii kwa msasa ni mbaya zaidi. Alama za kikosi zilizogongwa kwenye kinga ya singe, juu ya mpini wa shaba, zikifutika hazirudi.