Funzo la bei ya chai kwa washauri wa serikali

Kila bonasi ya majani chai inapotangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet huuliza swali lile lile: mbona wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa hulipwa zaidi? Swali hilo lilizuka tena kwa hasira mnamo Oktoba 2025. Sehemu ya jibu imo katika uamuzi wa kisera uliofanywa miaka minne awali.

Mnamo Julai 2021, Peter Munya akiwa Waziri wa Kilimo, chai ya KTDA iliwekewa bei ya chini zaidi ya Dola 2.43 za Marekani kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa njema, kwani bei zilikuwa zimeshuka na wakulima walikuwa wakilia.

Hata hivyo, kazi ya mwanauchumi anayeishauri serikali si kupima nia. Kazi yake ni kuuliza nani atabeba gharama iwapo mnunuzi atakataa bei hiyo.

Bei ya lazima hufaulu pale anayeitangaza anapoweza kununua ziada au kupunguza kiasi kinachofika sokoni. Zao la kahawa ni ushahidi: nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa ziligawiwa viwango vya mauzo, na viwango hivyo viliposimamishwa Julai 1989, bei iliporomoka.

Chai haina ua wa namna hiyo. Katika mnada huo huo wa Mombasa huuzwa pia chai ya Uganda na Rwanda, pamoja na ya mashamba makubwa ya kibinafsi. Wanunuzi wa Pakistan na Misri hawakukosa mahali pengine pa kununua.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kutumia bei moja kwa chai zisizolingana. Chai ya mashariki kwa kawaida hupata bei nzuri mnadani, hivyo kiwango hicho hakikuiumiza sana. Ile ya magharibi, ambayo huuzwa kwa bei ya chini, ndiyo iliyopitwa na wanunuzi na kurundikana katika maghala.

Chai iliyolala ghalani hailipi kuni, stima wala mishahara ya kiwanda. Mkulima naye hungoja malipo ya kila mwezi, kisha bonasi. Kiwanda kisipouza hulazimika kukopa, na riba huila bonasi hiyo kabla haijamfikia mwenye shamba.

Serikali baadaye iliiondoa bei hiyo. Lakini kuiondoa pekee hakutafuta pengo kati ya maeneo hayo mawili. Ubora wa majani yanayochumwa, gharama za viwanda na usimamizi wake bado vina uzito, na mshauri mkweli hawezi kuutwika mzigo wote kwa sera moja.

Kenya haina uhaba wa wanauchumi. Taasisi ya KIPPRA iliundwa mwaka wa 1997 kutafiti sera, na Rais ana baraza lake la washauri wa kiuchumi. Kinachohitajika ni ushauri unaotenganisha Kericho na Kirinyaga, na unaotaja mapema ni shehena ya kiasi gani ikikwama ghalani ndipo sera isitishwe. Bila hivyo, mkulima wa Bomet ataendelea kulipia majaribio ambayo hakuulizwa.