Kabla ya Kumwita Mtoto Mzito



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW). Amma baad.

Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, sisi walimu wa madrasa tuna maneno yetu ya haraka. Mtoto akishindwa kuhifadhi sura fupi aliyosomeshwa wiki nzima, tunasema ni mzito. Asipotulia mkekani, tunasema ni mtukutu, na fimbo haiko mbali. Kazi ya daktari mmoja wa Marekani, Herbert Needleman (1927-2017), inatutaka tusite kabla ya kuyatamka maneno hayo.

Needleman alikuwa daktari wa watoto. Alitaka kujua madini ya risasi yanawafanya nini watoto wanaoonekana wazima. Damu huonyesha zaidi risasi iliyoingia karibuni, lakini meno huihifadhi kwa miaka. Basi akakusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa madarasa ya mwanzo katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Wenye risasi nyingi menoni walipata alama ndogo zaidi katika vipimo vya akili. Na walimu wao, ambao hawakujua lolote kuhusu vipimo vya meno, walikuwa wamewaeleza watoto hao hao kuwa hawatulii na hawafuati maagizo. Alipowafuatilia tena, mwaka 1990 alieleza kuwa wenye risasi nyingi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha shule na wa kusoma kwa shida.

Mwaka 1991 alituhumiwa na wanasayansi wawili waliokuwa upande wa makampuni katika kesi ya risasi. Yeye akataka asikilizwe hadharani, na mwaka uliofuata akaonekana hana hatia ya udanganyifu. Dini yetu inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuhukumu. Hapo pana somo.

Wengine watasema hayo ni ya Wazungu. Hapana. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Lakini risasi bado iko kwenye betri kuukuu za magari na kwenye rangi za zamani zinazobanduka ukutani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaletea wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Iko pia kwenye wanja. Najua hapa baadhi ya wazee watanikasirikia, kwani kumpaka mtoto mchanga wanja ni desturi yetu, na wengine huitaja Sunna. Lakini kilichosifiwa na Mtume (SAW) ni ithmid, na si kila unga mweusi wa sokoni ni ithmid. Wanja wa aina nyingi uliopimwa maabara umekutwa na risasi, mwingine zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole mdomoni. Sheria yetu inakataza kudhuru, na jina zuri la kitu halihalalishi madhara yake.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Tusiwapake watoto wanja tusioujua. Fundi wa betri asivunje betri uani wanapocheza watoto, na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Tunawe mikono kabla ya kula, kama tulivyofundishwa. Kamati za misikiti ziulize rangi ya madrasa kabla ya kuinunua.

Sisemi kila mtoto mgumu wa kuhifadhi ana sumu mwilini. Nasema tumpeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka kwenye fimbo. Mtoto ni amana, na akili yake ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.