Kumponya mtoto saratani bila kumnyang'anya usikivu

Sisiplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, imewaokoa watoto wengi wenye uvimbe wa ini, wa mifupa na wa ubongo. Wengi wao pia imewapotezea usikivu, na ukipotea kwa njia hii haurudi. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Dawa ikifika humo hukaa miezi, hata miaka, ikichochea molekuli kali za oksijeni zinazoziua seli hizo, na mwili wa binadamu hauoteshi nyingine. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mtoto aliyepona anaweza kuitika akiitwa jina lake lakini asitofautishe "fika" na "shika", akaishia kuonekana mzito darasani na mkaidi nyumbani.

Kwa muda mrefu wazazi waliambiwa washukuru kwa uhai wa mtoto. Kauli hiyo ilikuwa ya haki wakati hapakuwa na njia nyingine, lakini sasa njia ipo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kimataifa liitwalo SIOPEL 6, lililohusu watoto wenye hepatoblastoma, saratani ya ini, ambayo haijasambaa. Miongoni mwa waliopewa sisiplatini peke yake, asilimia 63 walipoteza usikivu kwa kiwango fulani. Waliotundikiwa dripu ya sodiamu thiosulfati saa 6 baada ya kila dozi, waliopoteza walikuwa asilimia 33. Thiosulfati huinasa sisiplatini na kuilemaza, tena ni antioksidanti inayozizima zile molekuli kali. Mwaka 2022 Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kinacholinda sikio kinaweza kuulinda na uvimbe. Hofu hii ina msingi. Katika SIOPEL 6, baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa asilimia 98 kwa waliopata thiosulfati na 92 kwa wenzao, kwa hiyo kinga haikuonekana kudhoofisha tiba. Lakini jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa watoto ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, na wakapewa thiosulfati, walifariki kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu kibali cha Marekani kinaishia kwenye uvimbe ambao haujasambaa, na saa zile 6 si za kuchezea: zinaipa sisiplatini nafasi ya kuushambulia uvimbe kwanza. Kwa sababu hiyohiyo napinga kwa nguvu vidonge na unga wa antioksidanti unaouzwa madukani na mitandaoni kwa wagonjwa walio kwenye tibakemikali. Havina ushahidi wa namna hii, wala anayeuza hajui uvimbe wa mnunuzi umefika wapi.

Wapo watakaosema haya ni ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba dawa iliyoidhinishwa ni ghali sana. Thiosulfati ya zamani, inayotibu sumu ya sayanidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini wadhibiti wa Marekani wanaonya kwamba isichukuliwe kuwa mbadala wa hii mpya. Hapo panahitaji mazungumzo magumu ya bei kati ya serikali zetu na watengenezaji, na yaanze mapema. Hata hivyo bei ya dawa si kisingizio cha kutopima. Kipimo cha usikivu kabla ya dozi ya kwanza, kikarudiwa kadiri tiba inavyoendelea, humwezesha daktari kuona madhara yakiingia na kufikiria upya dozi inapowezekana. Humpa mzazi nafasi ya kutafuta shimesikio kabla lugha ya mtoto haijadumaa, na mwalimu sababu ya kumketisha mbele. Kila wodi ya watoto inayotoa sisiplatini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, iandike matokeo ya kipimo hicho kwenye faili la mgonjwa pamoja na vipimo vya damu na figo.